Pipa Kuukuu na Kazi Yake ya Pili

Kitabu cha Mwanzo chasimulia kwamba Abrahamu alikaa karibu na mialoni ya Mamre, na huko wageni watatu wakamjia wakati wa jua kali. Basi jina la mti huo si geni masikioni mwetu, ingawa mti wenyewe hauoti kwa asili katika misitu ya Kongo. Huko Ulaya na Marekani mwaloni ni mti mkubwa, mgumu, wenye kuishi miaka mamia. Watu wameutumia kwa kujenga nyumba, makanisa na merikebu. Lakini iko kazi moja ya mwaloni ambayo wachache kwetu waijua vizuri: kazi ya kutunza pombe kali ndani ya pipa, mpaka iwe laini na yenye harufu nzuri.

Tena jambo la kushangaza ni hili: huko Uskoti, nchi ya wiski, pipa linalotafutwa kwa kazi hiyo si pipa jipya. Ni pipa kuukuu, lililokwisha kubeba kitu kingine. Wahenga walisema: Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Habari ya pipa kuukuu yaonyesha ukweli wa methali hiyo, lakini yaonyesha pia mpaka wake. Maana mbao za zamani zaweza kuipa pombe mema mengi, lakini haziwezi kuondoa sumu iliyomo. Asiyejua jambo hilo aweza kupoteza macho yake, hata uhai wake. Basi tuieleze habari hii toka mwanzo.

Mti usiovuja

Kila mti una mishipa midogo ya kupitisha maji toka mizizi hata majani. Mti ukisha kukatwa, mishipa hiyo hubaki kama mirija mitupu. Katika mwaloni mwekundu wa Marekani mirija hiyo huwa wazi kabisa: ukishika kipande kifupi na kupuliza upande mmoja, pumzi yatokea upande wa pili. Pipa la mti wa namna hiyo lingevuja. Lakini mwaloni mweupe huziba mirija yake wenyewe kwa utando mwembamba, nayo maji hayapiti. Mialoni ya Ulaya huziba pia, ila si kwa nguvu ileile. Kwa hiyo fundi wa Ufaransa hapasui magogo ovyo kwa msumeno. Huyapasua kwa kufuata nyuzi za mti, asije akafungua mirija.

Mbao zikisha kupasuliwa, hazitumiki upesi. Hupangwa nje, juani na mvuani, kwa miaka 2 au 3. Mvua huosha ukali wa mti, ule ukali unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Kisha fundi huzichonga, pana katikati na nyembamba nchani, huzipanga mviringo, huzipasha moto pamoja na maji mpaka zipindike, na kuzifunga kwa pete za chuma. Hapana msumari, hapana gundi. Pipa lasimama kwa sababu kila ubao husukumana na jirani yake. Ukitoa mmoja, wote waanguka.

Chombo cha wabebaji

Warumi wa kale walibeba divai na mafuta katika mitungi ya udongo. Walipofika upande wa milima ya Alpi na nchi ya Gallia, ndiyo Ufaransa ya leo, walikuta watu wenye desturi nyingine. Mwandishi Plinio, aliyekufa mwaka 79, aliandika kwamba watu wa pande za Alpi waliweka divai katika vyombo vya mti vilivyofungwa kwa pete. Hata leo mjini Roma yasimama nguzo ya Kaisari Trajano, iliyowekwa wakfu mwaka 113, na juu yake zimechongwa mashua za mto Danubi zikiwa zimepakiwa mapipa. Warumi waliona faida yake. Mtungi uliojaa huvunjika, na kuuinua ni kazi. Lakini pipa, hata likiwa zito sana, mtu mmoja aweza kulivingirisha.

Kwa muda wa karne nyingi pipa lilikuwa chombo cha kubebea tu. Walitia divai, samaki wa chumvi, misumari, hata baruti. Mti wake nao ulipandwa mara nyingi kwa kazi tofauti kabisa. Mwaka 1669, Colbert, waziri wa mfalme Louis XIV wa Ufaransa, alitoa sheria ya misitu ili nchi isikose mbao za merikebu za vita. Msitu wa Tronçais ulitunzwa kwa nia hiyo. Lakini mwaloni hautii haraka ya wafalme. Wahitaji miaka 150 au zaidi kukomaa. Miti ilipokuwa tayari, zamani za merikebu za mbao zilikuwa zinapita, na merikebu za chuma zilikuwa zinaingia. Mbao zikaenda kwa mafundi wa mapipa. Tazameni: aliyepanda aliwaza vita, aliyevuna akaweka divai.

Fratri John na maji ya uzima

Kukeneka ni kuchemsha kinywaji, kuushika mvuke wake na kuupoza uwe maji tena. Katika Ulaya ufundi huo ulijulikana zamani kwa waganga na watawa waliotengeneza dawa. Kwa Kilatini maji hayo yaliitwa aqua vitae, maana yake maji ya uzima. Katika hesabu za hazina ya mfalme James IV wa Uskoti, mwaka 1494, limeandikwa jina la mtawa mmoja, Fratri John Cor. Kwa amri ya mfalme alipewa vipimo 8 vya kimea ili atengeneze aqua vitae. Hiyo ndiyo habari ya kwanza iliyoandikwa huko juu ya kinywaji kiitwacho leo wiski. Neno wiski nalo latoka katika lugha ya Kigaeli, na maana yake ni ileile: maji ya uzima. Kwa desturi Fratri John hutajwa pamoja na abasia ya Lindores. Abasia hiyo ilibomoka zamani, lakini mwaka 2017 mtambo mpya wa wiski ulianza kazi karibu na magofu yake.

Kinywaji cha Fratri John hakikufanana na wiski ya siku hizi. Kilikuwa cheupe kama maji, tena kikali. Watu walikinywa kikiwa kipya, au walitia asali na majani yenye harufu ili kuficha ukali wake. Mambo yalikaa hivyo kwa muda mrefu. Wakulima wengi wa Uskoti walikeneka kwa siri milimani, wakikimbia kodi. Na mtu anayejificha hana nafasi ya kupanga mapipa ghalani miaka 10. Mwaka 1823 serikali ilitoa sheria mpya, nayo leseni ikawa paundi 10 kwa mwaka. Ndipo wengi walipotoka mafichoni, wakajenga maghala ya kweli. Kwa hiyo ustadi wa pipa ulikua pale watu walipoweza kufanya kazi hadharani na kungoja.

Mapipa kutoka Hispania

Wakati huo Waingereza walipenda sana sherry, divai ya mji wa Jerez katika Hispania. Divai hiyo ilisafiri kwa meli katika mapipa ya mwaloni, na mengine yalichukua litri 500. Ilipofika Bristol, London au Leith ilitiwa katika chupa. Mapipa yakabaki matupu bandarini. Kuyarudisha Hispania bila kitu ndani kulikuwa hasara. Wenye mitambo ya wiski, watu wenye kujua kubana fedha, wakayanunua. Hawakutafuta ladha; walitafuta chombo tu.

Lakini miaka ilipopita, walipofungua mapipa hayo, waliona ajabu. Pombe iliyoingia nyeupe ilitoka na rangi ya asali au ya kahawia. Ukali wake ulikuwa umepoa, na harufu yake ilikuwa kama ya zabibu kavu. Mti ulikuwa umeikumbuka divai, na kumbukumbu hiyo umeigawia pombe. Tena divai ilikuwa imekwisha kuunyonya mti ukali wake wa kwanza. Kilichobaki kilikuwa chepesi, cha kufaa kwa kinywaji kinachokaa miaka mingi.

Mwaka 1915, wakati wa vita kuu, serikali ya Uingereza ilikataza kuuza wiski isiyokaa ghalani miaka 2, na mwaka uliofuata ikaongeza iwe 3. Watu wa serikali waliogopa ulevi katika viwanda vya silaha. Wenye wiski wengine walilalamika, lakini sheria hiyo ya miaka 3 imekaa hata leo, nayo imelinda jina la kazi yao.

Sheria ya Marekani

Ng'ambo ya bahari, katika Kentucky, watu walikuwa na pombe kali ya mahindi iitwayo bourbon. Wao waliichoma ndani ya pipa mpaka ubao uwe makaa, ndipo watie pombe. Kuanzia Januari 1920 mpaka Desemba 1933 Marekani yote ilikatazwa kutengeneza na kuuza pombe. Mkatazo ulipoondolewa, katika miaka ileile ya 1930 ziliandikwa amri mpya: bourbon lazima ikae katika pipa jipya la mwaloni lililochomwa. Ni kusema, pipa likisha kutumika mara moja, kwa bourbon halifai tena.

Basi mapipa maelfu kwa maelfu, yenye afya kabisa, yalikosa kazi katika nchi yao. Uskoti nayo yalihitaji mapipa, tena Hispania ilikuwa vitani tangu 1936 hata 1939. Mapipa ya Marekani yakavuka bahari. Mengi yalivunjwa kwanza, mbao zake zikafungwa mafungu mafungu kama kuni, zisichukue nafasi melini. Fundi wa Uskoti alizipanga tena, akaongeza mbao nyingine, akatia vifuniko vikubwa zaidi. Pipa lililokuwa la litri 200 likawa la litri 250. Leo maghala ya Uskoti yana mapipa zaidi ya milioni 20, na sehemu kubwa yake yalifanya kazi ya kwanza Marekani. Mapipa ya safari ya sherry yalikoma katika miaka ya 1980, divai hiyo ilipoanza kutiwa chupa katika Hispania yenyewe. Tangu hapo wenye wiski hulipa ili pipa jipya lijazwe sherry mwaka mmoja au miwili, kwa kuufundisha mti tu. Kile kilichookotwa bandarini sasa chanunuliwa kwa fedha nyingi.

Namna ya kuamsha mti uliochoka

Pipa hutumika mara nyingi, hata miaka 50 na zaidi, lakini kila mara hutoa kidogo kuliko mara iliyotangulia. Siku moja huchoka. Mafundi wengine walitaka kufupisha kazi: walisukuma ndani ya mbao maji matamu ya divai iliyopikwa, mti ujifanye kijana. Katika Uskoti desturi hiyo ilikatazwa mnamo mwaka 1990. Njia ya kweli ni ngumu zaidi, nayo ni hii.

Kwanza fundi hulichungua pipa kwa jicho na kwa pua. Ubao unaonuka siki au ukungu hutupwa. Uliopasuka hubadilishwa kwa ubao wa pipa lingine kuukuu, na kati ya mbao hutiwa matete makavu ili pipa lisivuje. Pili, hukwangua ndani, kuondoa makaa ya zamani na milimita chache za mti uliokwisha kunyonywa, mpaka mti safi uonekane. Tatu, huubanika mti huo kwa moto wa polepole. Mwishoni huuchoma kwa moto mkali. Katika Marekani mchomo mwepesi ni wa sekunde 15 hivi, na ule mzito ni wa sekunde 55.

Moto huo hufanya nini? Joto huvunja vitu vinavyoshikanisha mti. Kimoja chageuka kuwa harufu ya vanila, kingine chawa kama sukari iliyoungua. Na makaa yenyewe hufanya kazi ya chujio: huvuta harufu mbaya, hasa ya kiberiti, iliyo katika pombe mpya. Ndiyo maana mti uliochomwa huleta na huondoa pamoja.

Mwalimu mmoja wa kazi hiyo katika zamani zetu alikuwa Dk. Jim Swan, Mskoti aliyefariki mwaka 2017. Aliwafundisha watu kukwangua, kubanika na kuchoma upya mapipa kuukuu ya divai. Watu wa Kavalan, katika kisiwa cha Taiwan, walifuata ushauri wake. Mwaka 2015 wiski yao iliyokaa katika mapipa ya namna hiyo ilipata tuzo katika mashindano ya dunia, mbele ya Waskoti wenyewe. Mbao zilizochoka ziliamka, tena katika nchi ya joto ambako wengi walidhani haiwezekani.

Sehemu ya malaika

Pipa halivuji, lakini lapumua. Kila mwaka sehemu ya pombe hupita katika mti na kupotea hewani. Wafransa wa Cognac, na Waskoti pia, huiita sehemu ya malaika. Katika baridi ya Uskoti ni kama asilimia 2 kwa mwaka. Katika joto la Taiwan yaweza kufika asilimia 10 na zaidi, lakini kinywaji nacho hukomaa upesi. Malaika wa Cognac huacha alama: kuta na mapaa ya maghala hufunikwa na ukungu mweusi unaoishi kwa mvuke wa pombe. Mwanasayansi Mfransa Antonin Baudoin aliuandika mwaka 1872, nao leo wachukua jina lake.

Mbao katika chupa ya nyumbani

Siku hizi wako watu wasio na pipa zima. Katika New Zealand, kwa mfano, tangu mwaka 1996 sheria yaruhusu mtu kukeneka nyumbani kwa kunywa mwenyewe, si kwa kuuza. Hao hununua ubao mmoja wa pipa kuukuu, huukata vipande vidogo, na kuvitia katika chupa kubwa ya kioo pamoja na pombe. Kazi ni ndogo, lakini sheria zake ni zilezile za ghala kubwa.

La kwanza ni kujua ubao ulitoka wapi na ulibeba nini. Pipa lililotiwa rangi, lami, mafuta ya mashini au dawa ya wadudu halifai kamwe; mti hunywa kila kitu, na baadaye hurudisha. La pili ni kupiga randa upande wa nje, kuondoa uchafu na alama nyeusi za pete. Chuma kikikutana na ukali wa mwaloni hufanya weusi kama wino; na kweli, zamani wino ulitengenezwa kwa namna hiyo. La tatu ni kuloweka vipande katika maji ya moto, kumwaga maji hayo na kuvikausha. La nne ni kuvibanika tena, maana mti uliochongwa upya una ukali wake. La tano ni kuonja kila mara. Vipande vidogo hutoa vyote upesi, na pombe iliyozidi mti huwa chungu kama dawa. Tena mtu asiingize moto katika pipa lililotoka kumwagwa pombe kali. Mvuke uliomo hulipuka.

Jambo ambalo mti hauwezi

Sasa twafika kwenye neno zito kuliko yote. Wapo wanaofikiri kwamba pombe ikikaa katika mti mzuri yasafishwa kila ubaya. Si kweli. Makaa huvuta harufu mbaya, lakini hayaondoi ile pombe ya sumu iitwayo methanoli, iharibuyo macho na kuua. Methanoli haina rangi, wala ulimi hauitambui. Wala mti hauondoi risasi. Wakati wa mkatazo wa Marekani wengine walikeneka kwa vyombo vya kupozea injini za motokaa, vilivyounganishwa kwa risasi, na wanywaji walipata sumu ya madini hayo. Pombe kama hiyo, ukiiweka miaka 20 katika mwaloni wa Tronçais, itatoka na rangi nzuri na harufu tamu, nayo sumu ingalimo. Hatari ingezidi, kwa maana uzuri wake ungemdanganya mnywaji.

Sisi wa Kongo twajua lutuku ya Katanga na kanyanga ya Kivu. Twajua pia kwamba watu hubeba vinywaji hivyo katika bidoni iliyowahi kubeba kitu kingine, bila kuuliza. Habari ya pipa kuukuu yatufundisha kuuliza. Fundi wa Uskoti hainami juu ya pipa kwa bure, akilinusa kwanza kabla hajagusa tezo. Chombo kilichotumika kina kumbukumbu. Kumbukumbu ya divai ni baraka, kumbukumbu ya mafuta ya injini ni msiba, na kwa macho vyombo viwili hivyo vyaweza kufanana.

Basi mbao za mwaloni zimepita katika mikono mingi: mpanda miti aliyewaza merikebu, mtu wa Jerez aliyewaza safari, mtu wa Kentucky aliyetii sheria, na fundi aliyezikuta zimechoka akaziwashia moto. Hakuna hata mmoja aliyezitupa kabla ya kuzichungua, na hakuna aliyeweza kuziharakisha. Lakini kila fundi mwaminifu atakuambia pia: mti hulea kile ulichopewa, wala hauzai kingine. Kilichoingia ndani kikiwa safi hutoka kimekomaa. Kilichoingia na sumu hutoka nayo.